Mzee, Kimya Chake na Wembe wa Kompyuta

Jamani, wiki iliyopita nilipata darasa ambalo sikulitegemea, na walimu wangu walikuwa wawili: dada mmoja anayesomea ualimu na mzee mmoja anayeuza nyavu. Nimeona niandike kabla sijasahau, kwa sababu jambo lenyewe linagusa historia yetu sisi watu wa ziwani.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Nimekaa chumbani kwangu Kirumba, harufu ya dagaa wa Mwaloni inaingia dirishani kama kawaida, simu ikaita. Ni huyo dada. Tulisoma shule moja ya sekondari, yeye alikuwa nyuma yangu miaka mitatu, kwa hiyo mpaka leo ananiita kaka. Yuko chuo cha ualimu na wakati huo alikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, somo la historia, kidato cha pili.

"Kaka, midomo ya mzee inatangulia sauti. Nimehangaika tangu asubuhi. Jumatatu naingia darasani na mkufunzi anakuja kunikagua."

Nikamwambia aje na kila kitu.

Basi bwana, akaja na simu, flashi, daftari na chupa ya maji. Alikuwa ametengeneza video fupi kuhusu kuzama kwa meli ya MV Bukoba. Alimrekodi kwa simu mzee wa mtaani kwao, ambaye mkewe alikuwa ndani ya meli ile. Mzee aliongea dakika 31. Kipindi darasani ni dakika 40, na yeye alitaka filamu ya dakika nane ili wanafunzi wapate muda wa kujadili. Kwa hiyo alijifunza kuhariri video peke yake kwa wiki mbili, kwa kutumia programu ya bure iitwayo Kdenlive, usiku, wenzake wakiwa wamelala.

Tatizo la midomo lilikuwa dogo. Simu nyingi hurekodi picha kwa mwendo usio sawa: mara picha 30 kwa sekunde, mara 27, kutegemea mwanga na joto. Sauti yenyewe inakwenda mwendo mmoja. Ukiingiza faili kama hilo kwenye programu ya kuhariri, kadiri dakika zinavyosonga ndivyo sauti na midomo vinavyoachana. Dawa yake ni kuligeuza faili kwanza liwe na mwendo mmoja, halafu ndipo uanze kukata. Nikaliweka kwenye kompyuta lijigeuze. Lilichukua kama saa moja, na kwa kuwa tulikuwa tunasubiri, tukapiga soga. Soga yenyewe ilihusu mkasi.

Nilimuuliza kama anajua kwamba kazi anayoifanya ilishafanyika Tanganyika kabla hata bibi yake hajaolewa. Akacheka. Nikamwambia asicheke.

Mwaka 1935 Waingereza walianzisha mradi wa sinema kule Vugiri, kwenye milima ya Usambara, upande wa Korogwe. Uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Wakubwa wake walikuwa Meja L. A. Notcutt na George Latham, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka Carnegie Corporation ya New York. Mpaka mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35 hivi, za mkanda mwembamba wa milimita 16, na sauti yake ilipigwa kwenye sahani za santuri pembeni ya mashine. Hebu fikiria kazi ya kulinganisha santuri na picha porini, usiku, jenereta ikinguruma! Tatizo la midomo kutangulia sauti halikuanza na simu. Filamu zilihusu kilimo, afya, kodi, kuweka akiba posta. Walizungusha lori la sinema katika nchi za Afrika Mashariki na Kati na kuwaonyesha wananchi.

Ukisoma walichoandika wenyewe baadaye, walikiri kwamba vijana wa Kiafrika wanaweza kufundishwa kazi nyingi za chumba cha giza na za studio ya sauti. Lakini kuamua filamu iseme nini, hilo lilibaki kwa bwana mkubwa. Kijana aliosha mkanda, mzungu akashika mkasi.

Halafu mwaka 1939 vita ikaja, na London wakaanzisha Colonial Film Unit chini ya William Sellers, ambaye kabla ya hapo alikuwa akionyesha filamu za afya Nigeria. Sellers alikuwa na kanuni zake. Aliamini kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata filamu inayokatwa haraka haraka. Picha ziwe ndefu. Mwendo uwe wa polepole. Usiruke kutoka mahali hadi mahali: kama mtu anatoka nyumbani kwenda shambani, muonyeshe njiani. Watu wa kitengo hicho waliitumia imani hiyo miaka mingi, mpaka kilipofungwa mwaka 1955.

Dada akaniuliza, "Sasa babu zetu waliosikiliza hadithi za sungura anayeruka kutoka mbinguni mpaka chini ya ziwa, wangeshindwaje kuelewa picha imeruka kutoka nyumbani mpaka shambani?"

Swali zuri. Na jibu lilikuja mapema kuliko watu wanavyofikiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa filamu za hadithi kwa Kiswahili hapa Tanganyika, mojawapo ikiitwa Muhogo Mchungu, na kijana aliyeigiza humo alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa. Ndiyo, huyo huyo Simba wa Vita, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962. Watu walijaa kumtazama na hakuna aliyepotea njiani.

Baada ya uhuru serikali ikaunda Tanzania Film Company mwaka 1968. Televisheni bara haikuwapo. Zanzibar walianza yao, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini sisi huku tulisubiri mpaka mwaka 1994 vilipoanza vituo vya binafsi, ITV, DTV na CTN. Televisheni ya Taifa ilifuata miaka kadhaa baadaye. Mwanza tukaja kuwa na Star TV yetu wenyewe. Kwa hiyo kwa karibu miaka 60, tangu Vugiri, mtu wa kawaida wa kanda ya ziwa aliweza kuangalia filamu, lakini kuikata hakuweza.

Mkasi uliingia mtaani kupitia harusi. Usicheke tena! Mzee mmoja mpiga video za harusi hapa mjini alinisimulia walivyofanya kazi miaka ya 1990. Deki mbili, nyaya, na kidole. Unacheza kanda ya kwanza, unarekodi kwenye ya pili, unabonyeza na kusimamisha kwa kubahatisha. Ukikosea katikati, unarudia kuanzia pale ulipokosea mpaka mwisho. Na kila unaponakili, picha inafifia, kiasi kwamba nakala ya tatu bibi harusi anafanana na mashemeji zake. Kule nje mambo yalishabadilika: Avid walitoa mashine yao ya kuhariri kwa kompyuta mwaka 1989, Premiere ikaja 1991, Final Cut Pro 1999. Lakini kwetu yalifika taratibu. Mwaka 2000 Windows wakaanza kuweka Movie Maker ndani ya kompyuta bila malipo, na hapo ndipo tukaanza kuona majina ya maharusi yakizunguka kama feni, na makopakopa yakidondoka kwenye nyuso za wajomba. Kwaya nazo zikafuata na VCD zao, wanakwaya wakiimba juu ya mawe ya ziwa kisha ghafla wako kwenye bustani ya maua ambayo haipo Mwanza.

Jambo moja nililomwambia dada alilipenda sana. Zamani ukikata mkanda wa filamu, umeukata kweli. Kipande kinaanguka chini, wakifagia asubuhi kimekwenda. Programu ya kompyuta haikati kitu. Ile alama ya wembe unayoibonyeza inaandika tu maelekezo: anza hapa, ishia hapa, ruka pale. Faili lenyewe limekaa palepale, zima, kama lilivyotoka kwenye simu. Akaandika kwenye daftari lake.

Wakati huo kompyuta ikawa imemaliza. Ili kuhakikisha sauti na midomo vimekubaliana, nikavaa vipaza vya masikioni na kuliangalia faili lote, dakika 31, mwanzo mpaka mwisho. Kisha nikaangalia filamu yake ya dakika nane.

Hapo ndipo nilipoishiwa maneno.

Kwenye filamu ya dakika nane, mzee anasema mkewe alikwenda Bukoba kuuguza mama yake. Anasema, "Nilimwambia apande basi." Halafu papo hapo picha inakwenda kwenye ramani, na sauti ya dada inaeleza ajali. Unabaki na picha ya mume mwenye busara aliyemuonya mkewe, na mke asiyesikia.

Kwenye faili zima, mzee anasema, "Nilimwambia apande basi." Kisha ananyamaza. Anaangalia ziwa. Nilihesabu sekunde 38. Upepo unavuma kwenye simu. Halafu kwa sauti ndogo kabisa, kichwa kikiwa kimeinama, anasema:

"Hapana, mwanangu. Sikumwambia. Ningemwambia... Simu yenyewe ingetoka wapi?"

Nikampa dada vipaza. Akasikiliza mara moja. Akavivua, akakaa kimya.

Akanieleza ilivyotokea. Alikuwa amejifunza mbinu moja ya kufanya kazi haraka: usisikilize kila kitu, angalia mawimbi ya sauti chini ya picha. Palipo na milima mtu anaongea, palipo tambarare hakuna kitu, piga wembe. Sauti ya mzee pale ilikuwa ndogo mno, imefunikwa na upepo, ikaonekana tambarare. Akapiga wembe. Siku ya kurekodi mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya simu, hakusikia, na mzee hakurudia.

Nikadhani mjadala umeisha. Wapi! Dada akasema kitu ambacho mpaka leo nakifikiria.

"Lakini kaka, kwa watoto hii ya kwanza inafundisha zaidi. Wanaondoka wanajua: ukionywa, sikia."

Unaona mtego ulipo? Si kwamba alitaka kudanganya. Alitaka kufundisha. Na wale wa Vugiri nao walitaka kufundisha. Walikuwa na somo tayari mkononi kabla hawajawasha kamera, na binadamu waliotokea kwenye picha walikuwa wa kulipamba hilo somo.

Nikamkumbusha filamu ambayo mji huu hauwezi kuisahau. Mwaka 2004 Mwaustria Hubert Sauper alitoa Darwin's Nightmare, iliyopigwa hapa hapa Mwanza: sangara, viwanda vya minofu, ndege kubwa za mizigo kutoka Ulaya, watoto wa mitaani, mapanki. Ilipata tuzo ya César Ufaransa mwaka 2006 na ikashindania Oscar mwaka huo huo. Huku kwetu ikazua moto. Rais Jakaya Kikwete aliikemea hadharani mwaka 2006, watu wakaandamana Mwanza, na mwandishi wa habari aliyeonekana ndani yake akashikiliwa na polisi. Ufaransa nako mwanahistoria François Garçon akaandika kitabu kizima kuipinga. Sauper akamshtaki kwa kumchafulia jina, na mahakama ikampa Sauper ushindi.

Mimi sitaki kuamua kesi hiyo hapa. Nimeiangalia zaidi ya mara tatu, na kila mara nabaki na hisia mbili kwa pamoja. Vitu vilivyoonyeshwa vilikuwepo. Mapanki yalikuwepo, tuliyaona, wengine tuliyala. Lakini ukiweka picha ya ndege, kisha picha ya mtoto mwenye njaa, mtazamaji anachora mstari yeye mwenyewe katikati. Mrusi Lev Kuleshov alilionyesha hilo yapata miaka 100 iliyopita: sura ile ile ya mtu, ukiifuatisha na sahani ya supu watu wanasema ana njaa, ukiifuatisha na jeneza wanasema ana huzuni. Sura haijabadilika. Kwa hiyo anayepanga picha ana wajibu kwa kile ambacho hakusema kwa mdomo lakini amekifanya kisikike. Sisi watu wa Mwanza tulilalamika kwamba wageni wametukata vibaya. Haya, leo wembe uko mkononi mwetu. Tunamkata nani?

Dada akanyamaza muda. Akauliza, "Sasa mzee akisema hataki ile sehemu isikike?"

Nikasema hilo ni lake mzee kuamua. Si lako wala langu.

Jumapili baada ya ibada tukaenda. Tulimkuta kibarazani anasuka nyavu. Shikamoo, marahaba, maji ya kunywa, habari za nyumbani. Dada akamweleza ukweli wote bila kujificha: kwamba alikata bila kusikiliza, na kwamba filamu ilimfanya aseme jambo ambalo alilikanusha mwenyewe. Tukamwekea zote mbili kwenye kompyuta. Ya kwanza aliitazama akitikisa kichwa. Ya pili, ilipofika kwenye kimya, aliacha kutazama, akaangalia nyavu zake.

Kisha akasema ndugu wa marehemu mkewe bado wapo, wengine wanaishi Igoma, na wajukuu wao wanasoma shule hiyo hiyo. Wakisikia kwamba alimkataza na mkewe hakusikia, watasema amemtupia lawama marehemu. "Miaka yote hii nimetamani ningekuwa nimemwambia," alisema. "Lakini sikumwambia. Acheni kama nilivyosema."

Tulirudi Kirumba na kukaa mpaka saa sita usiku. Kurudisha sekunde 38 na maneno yake kulichukua dakika tano tu, maana kama nilivyosema, faili lilikuwa zima. Kazi ilikuwa kupunguza vingine ili dakika nane zisizidi. Dada akaanza kukata maelezo yake mwenyewe: utangulizi, muziki wa huzuni aliouchukua intaneti, sentensi za kumalizia zenye mafunzo. Alivibakiza vitu ambavyo mwanafunzi lazima avijue. Kwamba ilikuwa tarehe 21 Mei 1996. Kwamba meli ilitoka Bukoba kuja Mwanza ikiwa imebeba watu wengi kupita uwezo wake, ambao ulikuwa abiria 430. Kwamba hesabu ya waliokufa inayotajwa mara nyingi na serikali ni 894. Kwamba waokoaji walitoboa tumbo la meli wakitaka kuwatoa waliokuwa ndani, hewa ikatoka, meli ikazama kabisa. Kwamba Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo, na makaburi yako Igoma.

Jumatatu niliomba ruhusa nikakaa dawati la nyuma. Mkufunzi wake alikaa pembeni yangu na fomu yake. Filamu ikaenda vizuri. Ilipofika kwenye kimya cha mzee, nikaona wanafunzi wanatazamana. Nilidhani watacheka. Sekunde 38 kwa watoto waliozoea video za kwenye simu ni mwaka mzima. Hawakucheka. Mzee alipoongea kwa sauti ndogo, wote waliinamisha vichwa mbele ili wasikie, na maandishi chini ya picha yakawasaidia.

Swali la kwanza likatoka kwa binti wa mbele. "Mwalimu, kwa nini hakuna video ya meli yenyewe? MV Nyerere ilipozama tuliona kila kitu."

Nilijisikia kupiga makofi. MV Nyerere ilizama tarehe 20 Septemba 2018 ikikaribia Ukara, watu 228 wakafa, na picha zake zilisambaa kwenye simu siku hiyo hiyo. Mwaka 1996 televisheni za bara zilikuwa na miaka miwili tu, na simu ya mkononi yenye kamera haikuwepo. Watu wengi wa kanda hii waliipata habari redioni, au bandarini wakiwa wamesimama wanasubiri. Picha za MV Bukoba zilizopo ni chache, na karibu zote zinaonyesha meli ikiwa imepinduka. Yaliyobaki yako midomoni mwa wazee, na hao wanapungua kila mwaka. Kumbe kimya cha mzee mmoja ni sehemu ya kumbukumbu yenyewe. Ukikikata hapana pa kukipata tena, labda uwe umelitunza faili.

Dada alijibu swali lile vizuri kuliko mimi. Mkufunzi akaandika kitu kirefu kwenye fomu. Alipata alama nzuri, ingawa alikatwa kidogo kwa kuzidisha muda dakika mbili.

Mimi nimejifunza la kwangu. Kazi yangu ni kukata maneno ya watu kila siku: mtu anaongea nusu saa, natoa sentensi mbili. Sellers alikata polepole kwa kuamini mtazamaji hana akili. Sisi leo tunakata haraka kwa kuamini mtazamaji hana subira. Wote tumemwamulia mtu bila kumuuliza. Tangu wiki iliyopita nimeanza kusikiliza sehemu tambarare.

Na ombi moja kwa watu wa Mwanza, Bukoba, Musoma na visiwani. Kama nyumbani kuna kanda za VHS za miaka ile, za harusi, misiba, kwaya, mikutano, msizitupe wala msizifute. Zitoeni kwenye unyevu, mtafuteni mwenye deki inayofanya kazi, mzihamishe kwenye kompyuta nzima nzima, bila kukata chochote. Wembe utakuja baadaye.

Dada keshaanza kumrekodi mzee mwingine, mvuvi aliyekuwa Mwaloni asubuhi ile. Safari hii amenunua kipaza sauti cha kubana kwenye kola.